Namna ya Kuivunja Ngoma Bila Kuipasua: Mwongozo kwa Watu wa Newala na Jirani Zao wa Masasi

Hatua ya kwanza ni adabu. Nenda kwa mwenye ngoma kabla hajaanza kuipasha moto, msalimie, kisha sema, "Mzee, naomba kuipima ngoma yako." Atakuuliza unataka kupima nini, urefu au uzito. Mwambie unataka kupima mawimbi yaliyomo ndani ya mlio wake, moja baada ya jingine, na kwamba ukimaliza utayarudisha yote bila kupungua hata moja. Atacheka, na wajukuu zake watacheka zaidi. Usirudi nyuma. Umesema kweli tupu: mlio unaweza kuvunjwa vipande, na vipande hivyo vikijumlishwa upya vinatoa mlio uleule.

Aliyelisema hilo kwa ujasiri ni Mfaransa Joseph Fourier, na hakuwa akisikiliza ngoma. Alizaliwa mwaka 1768, akaenda Misri na jeshi la Napoleon mwaka 1798, kisha akawa mkuu wa mkoa kule Grenoble. Huko, katikati ya kazi za serikali, alihangaika na swali la namna joto linavyosambaa ndani ya kipande cha chuma. Mwaka 1807 alipeleka andiko lake Paris akidai kwamba umbo lolote linalojirudia, hata lenye kona kali, ni jumla ya mawimbi laini yenye ukubwa na urefu mbalimbali. Lagrange, mmoja wa wanahisabati wakubwa wa wakati huo, hakulikubali. Kitabu kamili kilitoka mwaka 1822. Ubishi ule ulinoa hoja, na leo simu nyingi zilizoko mifukoni mwa watu kuanzia Mkunya hadi Kitangari zinafanya hesabu ya Fourier wenye simu wanapoongea.

Kazi yenyewe ni ya karani wa ghala la chama cha msingi: gunia la korosho linaingia likiwa mchanganyiko, linatoka likiwa na madaraja na uzito wa kila daraja. Tofauti ni kwamba kila wimbi huandikwa kwa mambo matatu. La kwanza ni masafa, yaani linarudi mara ngapi kwa sekunde, na kipimo chake ni hezi. La pili ni ukubwa. La tatu ni mahali lilipoanzia, yaani saa lilipofika kileleni likilinganishwa na wenzake. Hili la tatu watu hulisahau sana. Ukilipoteza, orodha yako itakuwa sahihi na ngoma yako haitarudi, kwa sababu mawimbi yaleyale yakianza kwa nyakati tofauti yanatoa umbo jingine kabisa.

Sasa pakua programu yoyote ya simu inayochora masafa ya sauti. Zipo za bure. Simu husoma shinikizo la hewa mara 44,100 kwa sekunde, kisha huchukua fungu la masomo, tuseme 4,096, na kulichambua kwa mpigo. Kwa njia ndefu, fungu hilo moja lingedai kuzidisha karibu mara milioni 17. James Cooley na John Tukey walichapisha njia ya mkato mwaka 1965, na kwa njia hiyo kazi inashuka hadi takriban hesabu elfu 50. Ndiyo maana simu ya bei nafuu inaweza kuchora mawimbi ya ngoma wakati mpigaji bado ameinua mkono.

Simama hatua mbili tatu kutoka kwenye ngoma, mbali na jenereta na spika za mshereheshaji. Mwombe mpigaji apige mara moja, aache ngozi itulie, apige tena. Usimwombe apige ngoma nzima ya sindimba siku ya kwanza. Utapata picha nzuri sana usiyoielewa.

Utaona vilele kadhaa kwenye kioo. Kilele cha chini kabisa ndicho mlio mnene unaousikia kifuani. Kwa ngozi ya duara iliyowambwa sawasawa, kinachofuata kinakuwa karibu mara 1.59 ya kile cha kwanza, halafu mara 2.14, halafu 2.30, halafu 2.65. Ngoma ya kweli itakupa namba zilizosogea kidogo, maana ngozi ya mbuzi haina unene mmoja kila mahali na hewa iliyomo ndani ya gogo nayo inasukuma. Linganisha na uzi wa zeze au gitaa: mawimbi yake hukaa kwenye mara 1, 2, 3, 4, namba kamili zisizo na mkia. Sikio la binadamu hupokea namba kamili kama noti moja unayoweza kuiimba. Mikia ya ngoma ndiyo inayofanya mlio wake uwe mgumu kuimbika lakini rahisi kuutambua katikati ya kelele zote.

Wahindi waliitaka ngoma inayoimba, wakapaka duara jeusi zito katikati ya ngozi ya tabla. C. V. Raman, aliyepata tuzo ya Nobeli mwaka 1930 kwa kazi nyingine, alionyesha mwaka 1920 kwamba uzito ule husogeza mawimbi ya ngozi hadi yakaribie namba kamili. Anayesikiliza taarabu ya pwani yenye tabla anayasikia matokeo hayo.

Ngoma ikishapashwa moto, pima tena. Majani makavu yanapowaka kando ya ngozi, unyevu hutoka, ngozi hukaza, vilele vyote husogea juu kwa pamoja. Hapa kuna kanuni ya kuandika daftarini: masafa hufuata kipeuo cha pili cha mkazo. Ukitaka masafa yapande maradufu, mkazo upande mara nne. Ukitaka kutoka hezi 100 hadi 110 tu, mkazo uongezeke kwa asilimia 21. Mpigaji anayeisogeza ngoma motoni, anaigonga kwa kidole, anaisogeza tena, anatafuta mkazo huo kwa sikio. Asubuhi ya ukungu wa Newala ngozi hunywa unyevu na vilele hushuka vyenyewe, na hapo utaelewa kwa nini moto hauzimwi mpaka ngoma iishe. Wahenga walituonya kwamba ngoma ikilia sana hupasuka. Mkazo wa mara nne ndio huo, usiujaribu kwenye ngoma ya mtu.

Kuna kosa moja ambalo uchambuzi huu huwanasa nalo hata wenye shahada, nami naomba ulisome taratibu. Mlio mfupi hauna jina kamili. Fungu la masomo 4,096 linachukua chini kidogo ya sehemu moja ya kumi ya sekunde, na kwa muda huo huwezi kutofautisha masafa yaliyokaribiana zaidi ya hezi 11 hivi. Ukitaka kutofautisha hezi 200 na 205, sikiliza angalau sehemu moja ya tano ya sekunde. Ukirefusha dirisha, masafa yanaonekana vizuri, lakini hujui tena kofi lilitua lini. Ukilifupisha, unajua saa ya kofi, lakini masafa yanavimba na kuwa donge. Simu ya bei mbaya haikuokoi hapa. Ni sharti la mawimbi yenyewe, na kofi kavu la ukingoni linalokufa kabla hujapepesa jicho lina haki ya kutokuwa na noti. Chagua kwanza unachotaka kujua, wakati au masafa, ndipo uchague dirisha. Usiipe programu jukumu la kukuchagulia.

Mpaka hapa tumepima wakati peke yake. Ngozi pia ina mahali: wimbi linapanda hapa na kushuka pale kwa wakati mmoja. Kuliona hilo hakuhitaji maabara. Tafuta ndoo ya rangi ya lita 20, kata kitako, wamba juu yake plastiki ngumu au mpira wa puto kubwa, ukaze kwa kamba sawasawa pande zote. Chini weka spika ya sabufa iangalie juu. Nyunyiza mchanga mkavu juu ya plastiki. Mchanga kwenye uwanda wa Makonde si kitu cha kuagiza, inama tu. Kisha tumia programu ya simu inayotoa mlio mmoja usiokatika, uupandishe polepole kuanzia hezi 50.

Kwa muda mchanga utatetemeka ovyo. Halafu, kwenye masafa fulani, punje zitaanza kukimbia. Zitakimbilia kwenye mistari na kutulia hapo kana kwamba zimechorwa. Mara utaona mstari mmoja unaoikata duara katikati, panda zaidi uone mistari miwili iliyopishana, panda tena uone duara ndogo ndani ya duara kubwa. Mistari hiyo ni mahali ambapo plastiki haisogei kabisa. Mjerumani Ernst Chladni alichapisha michoro ya namna hii mwaka 1787 akitumia bati na upinde wa fidla. Tumia mchanga, usitumie unga wa muhogo. Unga laini sana huchukuliwa na vimbunga vidogo vya hewa vinavyozuka juu ya ngozi, ukajikusanya kinyume, mahali panapotetemeka zaidi. Michael Faraday alieleza jambo hilo mwaka 1831, na fundi wa ndoo asiyelijua atagombana na mwenzake bure, kila mmoja akiwa na ushahidi mkononi.

Ninasisitiza ndoo hii kwa sababu nimeona vijana wa kidato cha tano na sita wakikariri mlinganyo wa wimbi usiku kucha, bila kuona hata mara moja wimbi likisimama mahali pamoja. Ndoo, plastiki, spika ya jirani na konzi la mchanga vinatosha kuwafanya wauone mlinganyo. Mwalimu wa fizikia wilayani Newala au Masasi anayesoma haya, nakuomba, fanya Ijumaa hii.

Baada ya mchanga, rudi kwenye mkono wa mpigaji. Kila wimbi lenye mstari unaopita katikati ya ngozi halisogei pale katikati. Huwezi kuliamsha wimbi kwa kulipiga mahali ambapo lenyewe limelala. Kwa hiyo kofi la katikati huamsha mawimbi ya duara tu, nayo husukuma hewa kwa nguvu na kuisha haraka: ndiyo ile "duu" nzito na fupi. Kofi la karibu na ukingo huamsha yale ya mistari, yenye masafa ya juu, na ndipo unapopata mlio mkali unaopasua kelele za vigelegele. Jaribu: mwombe mpigaji aanze katikati na kusogea ukingoni kidole kwa kidole huku ukitazama kioo. Vilele vitabadilishana ukubwa, hiki kikinywea, kile kikiinuka, ilhali masafa yake yamebaki palepale. Nafasi ya mkono inachagua ukubwa, moto unachagua masafa. Kazi hizo mbili zinakaa mikononi mwa mtu mmoja anayetoka jasho, na zinastahili heshima tunayompa mhandisi.

Mwaka 1906 alipita huku Karl Weule, mtaalamu wa makumbusho kutoka Leipzig, akikusanya vitu na nyimbo Masasi, Newala na vijiji vya uwandani, akiwa na mashine ya picha za sinema na fonografu ya mitungi ya nta. Vita vya Majimaji vilikuwa havijapoa. Fonografu ya enzi hizo haikuwa na umeme. Pembe ilikusanya sauti, utando ukatikisika, sindano ikakwangua nta. Ilishika vizuri masafa ya kati, yale ya sauti ya mwimbaji. Mlio mnene wa ngoma haukuwa na nguvu ya kuchimba nta inavyostahili, na mlio mkali wa juu ulififia njiani. Kwa hiyo anayetaka kuhukumu ngoma za kusini kwa rekodi za mitungi ajue anasikiliza gunia lililokwisha kuondolewa madaraja mawili. Waimbaji wa 1906 tunaweza kuwasikia. Wapigaji wao bado wanatudai mashine bora, na mashine hiyo tunayo. Fundi mzee yeyote wa leo arekodiwe kwa kinasa sauti kinachofika chini hadi hezi 20, bila kubana faili, kabla vijana hawajazoea kinanda peke yake.

Sasa toka nje ya kiwanja. Hewani wimbi la hezi 100 lina urefu wa mita 3.4, na la hezi 1,000 lina sentimita 34. La kwanza huuzunguka mkorosho na nyumba bila kuhisi. La pili hugonga shina, ukuta, majani, likatawanyika, na hewa yenyewe humeza masafa ya juu zaidi ya yale ya chini. Ukiwa umesimama pale Shimo la Mungu, Newala, uwanda unapokatika ghafla na bonde la Ruvuma kufunguka chini yako, ngoma ya mbali inakufikia ikiwa imebaki mifupa mizito tu. Vilele vya ukingo havipo. Anayesema ngoma ya jirani zake ni ya kupiga "duu" peke yake asogee kilomita mbili ndipo atoe hukumu. Usiku anga inapotulia, hewa ya karibu na ardhi hupoa kuliko ya juu yake, na sauti iliyokuwa inapaa huinamishwa ardhini. Kwa hiyo ngoma ya saa sita usiku huvuka vijiji ambavyo ya saa tisa alasiri haivifikii.

Umbali nao unapimika. Sauti hutumia karibu sekunde tatu kwa kilomita. Wa Masasi wana bahati ya majabali yale makubwa yanayochomoza tambarare: ukipiga ngoma mita 170 kutoka kwenye ukuta wa mwamba, mwangwi hurudi baada ya sekunde moja. Sikiliza mwangwi wenyewe. Milio minene hurudi safi, kwa sababu matuta ya mwamba ni madogo kuliko urefu wa wimbi, na milio mikali hurudi imesambaratika.

Lakini hapa kuna jambo ambalo ningependa ulishike hata ukisahau mengine yote. Simu moja, hata ikae mahali pamoja mwaka mzima, haiwezi kukuambia wimbi linakwenda wapi. Inajua wakati peke yake. Kujua mwelekeo na urefu wa wimbi lazima uweke simu ya pili mahali pengine, saa zao zikiwa zimeoanishwa, kisha ulinganishe lile jambo la tatu tuliloliandika mwanzo, yaani kilele kilifika wapi kwanza. Wakati unapimwa kwa subira. Mahali panapimwa kwa watu wengi.

Hili linatupeleka kwenye mvua, ambayo huku ina uzito kuliko ngoma. Uwanda wa Makonde una udongo wa kichanga unaokunywa maji yote, na mito haisimami juu yake. Chukua wastani wa mvua wa kila mwezi, Januari hadi Desemba, na kalamu. Zidisha Januari kwa 1, Februari kwa 0.87, Machi 0.5, Aprili 0, Mei −0.5, Juni −0.87, Julai −1, kisha rudi kwa mpangilio huohuo hadi Desemba 0.87. Jumlisha, gawa kwa 6. Rudia ukianza na 0 kwa Januari, 0.5 Februari, 0.87 Machi, 1 Aprili, ukishuka hadi −1 Oktoba na −0.5 Desemba, ugawe tena kwa 6. Jibu la kwanza lizidishe kwa lenyewe, la pili hivyohivyo, jumlisha, tafuta kipeuo cha pili. Huo ndio ukubwa wa wimbi la mwaka. Umefanya uchambuzi wa Fourier kwa mkono, bila umeme.

Kwa wimbi la nusu mwaka, tumia 1, 0.5, −0.5, −1, −0.5, 0.5 kwa miezi sita ya kwanza na uzirudie kwa sita ya pili, halafu 0, 0.87, 0.87, 0, −0.87, −0.87 kwa namna hiyohiyo. Kwa Newala, yenye mvua za msimu mmoja kuanzia Novemba hivi hadi Aprili, wimbi la mwaka litatawala. La nusu mwaka litakuwepo pia, dogo, likifanya kazi ya kusawazisha kiangazi kiwe kikavu kwelikweli. Fanya hesabu hiyo kwa Tanga, yenye vuli na masika, uone wimbi la nusu mwaka linavyoinuka. Mtu wa kaskazini akikushauri kupanda kwa kalenda yake, mwonyeshe mawimbi haya mawili kwa upole.

Na akija mwingine anayetangaza kwamba ukame hurudi kila miaka saba, muulize ana kumbukumbu za miaka mingapi. Akisema kumi, hana jibu, kwa sharti lilelile la mlio mfupi. Roland Madden na Paul Julian walipogundua mwaka 1971 wimbi la upepo linalojirudia kila siku 40 hadi 50, walikuwa na karibu miaka kumi ya vipimo vya kila siku kutoka kisiwa cha Canton, katikati ya Pasifiki: mizunguko mingi, kituo kimoja. Kwa kituo hicho walijua kipindi. Mwaka uliofuata, kwa kulinganisha vituo vingi vya ukanda wa tropiki, wakaonyesha kwamba wimbi lile linasafiri kuelekea mashariki. Linapopita Bahari ya Hindi huingia pia katika mvua zetu za Afrika Mashariki, likizidisha wiki fulani na kukausha nyingine.

Basi shule yenye uwanja wazi na iweke kipimamvua, mbali na paa na mikorosho. Mwanafunzi wa zamu asome kila siku saa tatu asubuhi. Newala wasome, Masasi wasome, Tandahimba wasome, na vipimo vya Mtwara viwekwe kando yao. Msimu mmoja wa mvua una nafasi ya mizunguko minne tu hivi ya wimbi la siku 45, kwa hiyo wanaoanza daftari mwaka huu wajiandae kuwakabidhi wadogo zao. Siku isiyo na mvua waandike sifuri. Siku ambayo hakuna aliyesoma waandike kwamba hakuna aliyesoma, kwa maana sifuri ya uongo huingia kwenye hesabu kama ukame, na pengo lililokiriwa linaweza kufanyiwa kazi.